Kutafuta Usa River ndani ya Fomu 990: shajara ya mradi, Januari hadi Julai 2024

Jumatatu, 15 Januari

Leo tumeanza rasmi. Tuko wanne: mimi hapa Arusha, kijana wa programu ambaye sote tunamwita Fundi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyekubali kutushikia tafsiri, na dada mmoja wa Bukavu, Kongo, ambaye tutafanya naye kazi kwa simu. Ofisi hatuna, mfadhili hatuna. Tuna kompyuta mpakato mbili, diski ya nje moja na meza ya sebuleni kwangu.

Chanzo cha yote ni Mama mmoja wa Usa River, mji mdogo karibu na Arusha, mlezi wa kituo cha watoto. Mwezi wa kumi na mbili alikuja nyumbani ameshika kipeperushi alichopewa na mgeni kutoka Marekani. Picha ya mbele ni ya watoto wake, wamejipanga chini ya mparachichi wa kituo, na yule mdogo wa mwisho amefumba macho kwa jua. Chini ya picha pana maandishi ya kuomba michango. Hakuja kulalamika. Aliuliza: "Mwanangu, hawa wanaotuombea huko kwao, serikali yao inawauliza wamepata kiasi gani?" Nikamwambia inawauliza kila mwaka, na majibu yao yako wazi kwa mtu yeyote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi si ni mtu yeyote?"

Kazi yetu basi ni hiyo. Tunachukua fomu za kodi, Fomu 990, ambazo mashirika ya hisani ya Marekani hujaza, tunatoa zile zinazotaja miji na vijiji vyetu, halafu tunaziweka kwa Kiswahili ambacho Mama atasoma mwenyewe bila kumsubiri mtu wa kumfafanulia.

Ijumaa, 19 Januari

Nimetumia jioni tatu kuelewa tunapoingia, na ninaandika hapa ili Mwalimu na dada wa Bukavu wasome kabla ya kikao.

Marekani, kodi ya mtu binafsi ni siri. Sheria ya 1976, iliyotungwa baada ya mambo ya Rais Nixon, aliyetaka kutumia taarifa za kodi dhidi ya wapinzani wake, iliifunga kabisa. Mashirika ya hisani ni habari nyingine. Hayalipi kodi ya mapato, na wanaoyachangia wanaweza kupunguziwa kodi yao, kwa hiyo serikali huyataka yajaze Fomu 990 kila mwaka: yamepata kiasi gani, yametumia wapi, viongozi wake wanalipwa nini. Fomu hiyo ni ya wazi kisheria. Ukiliandikia shirika lenyewe, lazima likupe nakala za fomu zake tatu za karibuni ndani ya siku 30, isipokuwa kama tayari limeziweka hadharani kwenye intaneti. Ukienda mlangoni kwao, wakupe siku hiyo hiyo. Wanaruhusiwa kukudai gharama ya nakala na posta, basi.

Lakini kwa miaka mingi uwazi huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Tangu 2004 mashirika yaliweza kujaza fomu kwa njia ya elektroniki, yaani kila jibu linaingia kwenye kisanduku chake na kompyuta inalijua. Mamlaka ya mapato, IRS, ilikuwa inalichukua jibu hilo, inaligeuza kuwa picha ya ukurasa, halafu ndiyo inatoa picha. Mtu mwenye fomu 5 hana shida na picha. Mwenye fomu laki kadhaa hawezi kuuliza chochote, kwa sababu picha haitafutiki.

Carl Malamud, mtu ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kuzitoa nyaraka za serikali hadharani, aliomba mwaka 2013 fomu za mashirika 9 tu kupitia shirika lake la Public.Resource.Org. Alizitaka katika umbo lile lile zilimoingia. IRS ikakataa. Ikasema ingegharimu dola 6,200 hivi, pamoja na kufundisha watumishi namna ya kuficha sehemu za siri. Kesi ikaenda mahakama ya shirikisho huko California. Tarehe 29 Januari 2015 Jaji William Orrick akaamua kwamba sheria ya uhuru wa habari, kama ilivyorekebishwa 1996, inaitaka ofisi ya serikali kutoa kumbukumbu katika umbo aliloomba mwombaji pale inapowezekana kwa urahisi, na kwamba gharama ile haikutosha kuwa sababu ya kukataa.

Fomu 9. Lakini mlango ulipofunguka kwa 9 ulifunguka kwa zote. Juni 2016 IRS ilianza kuziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ya Amazon, zaidi ya milioni moja kwa mkupuo, kuanzia zile za 2011. Kisha sheria iliyotiwa saini tarehe 1 Julai 2019 ikalazimisha mashirika yanayojaza fomu hizi kuzijaza kielektroniki, madogo yakapewa muda zaidi, na IRS ikaamriwa kuzitoa katika umbo linalosomeka na kompyuta. Mwisho wa 2021 Amazon haikuongezewa tena mafaili mapya. Sasa yako kwenye tovuti ya IRS yenyewe, bure, hayahitaji hata kujisajili.

Mwalimu aliposoma haya aliweka alama pembeni kwa kalamu nyekundu, mazoea ya darasani: "Kwa hiyo sisi tunakula matunda ya kesi ya mtu mwingine." Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana nataka tuyale kwa adabu.

Jumamosi, 27 Januari

Kupakua. IRS hufunga mafaili kwa mafungu ya kila mwezi, mengine yamegawanywa A, B, C kwa ukubwa. Ndani ya kila fungu kuna maelfu ya mafaili ya XML, yaani maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome, fomu moja faili moja. Pembeni kuna orodha ya mwaka mzima inayoonyesha jina la shirika, nambari yake ya mlipakodi yenye tarakimu 9, aina ya fomu, na nambari ndefu ya tarakimu 18 ambayo ndiyo jina la faili.

Bando la simu halikutosha hata fungu la kwanza. Fundi amekubaliana na rafiki yake mwenye intaneti ya waya kwamba tutapakua usiku, saa nne hadi alfajiri, mafungu mawili kwa usiku, na asubuhi tunachukua diski kwa bodaboda.

Jumamosi, 3 Februari

Tumepoteza siku mbili, na kosa ni langu. Naliandika lote ili mwingine asilirudie.

Nilifungua ile orodha ya mwaka kwenye Excel, nikapaka rangi mistari ya mashirika tunayoyashuku kuwa ya kwetu, nikahifadhi, nikamtumia Fundi. Programu yake ikatafuta mafaili hayo na haikupata hata moja. Tulifikiri diski imeharibika. Tukapakua fungu upya. Bado.

Jana usiku Fundi aliweka orodha yangu na orodha ya asili kando kwa kando. Nambari zangu zote ziliishia na sifuri tatu. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Yenye 18 huigeuza tatu za mwisho kuwa sifuri, kimya kimya, bila onyo. Kila jina la faili nililolihifadhi lilikuwa jina la faili lisilokuwepo. Na nilipochungulia zaidi nikaona jingine: mashirika ambayo nambari yao ya mlipakodi huanza na sifuri yalikuwa yamebaki na tarakimu 8.

Tangu leo sheria ni hii: nambari inayotambulisha kitu inaingizwa kama maandishi, haiguswi kama namba. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza.

Jumamosi, 10 Februari

Fupi. Mpangilio wa XML ulibadilika kwa fomu za mwaka wa kodi 2013. Visanduku vingi vina majina mapya. Tumeamua kuanzia 2013 kuja juu. Ya nyuma tutayarudia nguvu zikiwepo.

Jumamosi, 24 Februari

Leo nimekutana na ukuta, na nimekaa nao mchana kutwa.

Fomu 990 kamili ina kiambatisho cha shughuli za nje ya Marekani, Kiambatisho F. Shirika linalotumia au kupata zaidi ya dola 10,000 kwa shughuli hizo lazima lijaze. Nilikitegemea sana. Nilidhani nitakuta humo "Arusha", "Kilifi", "Goma". Nilichokuta ni maneno yale yale yaliyorudiwa kurasa kwa kurasa: Afrika Kusini mwa Sahara.

IRS imeigawa dunia yote nje ya Marekani kuwa kanda chache. Kanada na Mexico zina kanda yao wenyewe. Antaktika ina kanda yake. Sisi kuanzia Dakar hadi Maputo tumo katika kanda moja. Shirika likijenga kisima Mwanza, likalipa karo Kigali na likapeleka dawa Accra, linaandika mstari mmoja na jumla moja.

Sehemu ya pili ya kiambatisho ni ya misaada inayozidi dola 5,000 kwa mashirika ya nje. Kuna safu ya jina la mpokeaji, lakini imetiwa kivuli: haijazwi. Inabaki kanda, sababu, kiasi na namna fedha zilivyotumwa. Kwa mpokeaji wa ndani ya Marekani kuna kiambatisho kingine, na humo jina na anwani huandikwa waziwazi.

Sababu naielewa. Kuna nchi ambako kujulikana kwamba umepokea fedha za Marekani kunaweza kumletea mtu polisi au bunduki mlangoni, na sitaki mradi wetu uwe njia ya kumfikia mtu wa namna hiyo. Lakini ulinzi huo huo unamfunga Mama wa Usa River, ambaye haogopi kutajwa. Jina lake na sura za watoto wake ziko kwenye kipeperushi. Ni kwenye hesabu tu ndiko asikokuwepo.

Nilimpigia Mwalimu jioni. Akasema, "Tafuta wanakojisifu." Na ni kweli. Fomu ina sehemu ya tatu, ambapo shirika linaeleza kwa maneno yake kazi zake kubwa za mwaka. Pale hakuna kanda. Pale watu huandika kwa kirefu, wanataja mji, shule, idadi ya watoto, hata jina la mto. Tutaanzia hapo.

Jumatano, 28 Februari

Fundi ametafuta "Usa River" katika maelezo yote. Programu yake ilikuwa haijali herufi kubwa na ndogo, na ilitafuta neno moja moja. Ikaleta kila shirika lenye "USA" kwenye jina au anwani. Ametengeneza upya: maneno mawili pamoja, pamoja na "Arusha" au "Tanzania" popote ndani ya faili. Sasa yamebaki machache yanayosomeka kwa jicho.

Somo hili linahusu miji mingine pia. Watu huandika "Moshi" na "Moshie", "Kilimanjaro Region", au "Tanzania, Africa" na kuishia hapo. Tumefungua orodha ya maandishi mbalimbali ya kila mji. Inakua kila siku.

Jumamosi, 16 Machi

Taasisi binafsi, zile za familia au kampuni zenye mtaji wao, hujaza fomu tofauti, 990-PF. Hiyo ni neema: kila msaada umeandikwa na jina la mpokeaji, anwani na msimbo wa nchi wa herufi mbili. Tulianza na Tanzania, TZ, kisha Kenya, KE, Uganda, UG, Rwanda, RW. Kila kitu kikakaa sawa, tukapata imani.

Kwa Kongo tukaweka CD, kama ilivyo kwenye intaneti na kwenye kila orodha tuliyoizoea. Orodha ikatoka nzuri, nikamtumia dada wa Bukavu akague. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nilisikia mvua kwenye mabati: "Dada, hii miji si ya kwetu. N'Djamena iko Tchad."

IRS haitumii misimbo ile tuliyoizoea. Ina orodha yake ya zamani. Humo CD ni Chad. Kongo ya Kinshasa ni CG, ambayo kwenye orodha ya kawaida ni Kongo ya Brazzaville. Burundi ni BY, herufi ambazo kwingine ni za Belarus. Zambia ni ZA, na tungeitafuta Afrika Kusini kwa herufi hizo tungepata Lusaka. Nchi nne za kwanza zilitulaghai kwa sababu tu misimbo yake inalingana katika orodha zote mbili.

Kama angekagua mtu asiye wa huko, misaada ya Chad ingetangazwa kuwa ya Kivu, na watu wa Kivu wangeanza kuuliza imekwenda wapi. Nimeomba radhi. Tumekubaliana: hakuna orodha ya nchi itakayotoka bila mtu wa nchi hiyo kuisoma mstari kwa mstari.

Jumamosi, 30 Machi

Jambo la kuwaambia watu mapema ili wasitukasirikie baadaye: makanisa ya Marekani hayalazimiki kujaza Fomu 990. Vituo vingi, zahanati nyingi na visima vingi hapa kwetu ni vya ubia na parokia au usharika wa huko. Wabia hao hawamo kwenye fomu hizi, na kutokuwemo kwao hakumaanishi wamevunja sheria. Tumeandika hili kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene.

Na vikundi vidogo sana, ambavyo kwa kawaida havipati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, hujaza kadi fupi tu ya kielektroniki isiyo na hesabu. Visipoijaza miaka mitatu mfululizo hufutiwa msamaha wa kodi. Orodha ya waliofutwa nayo iko wazi, na tumeiunganisha na yetu.

Jumamosi, 20 Aprili

Masika imeshika. Barabara ya kwangu ni tope tupu, lakini Mwalimu alifika kwa mguu, viatu mkononi, kwa ajili ya kikao cha maneno.

Tulikuwa na maneno 31 ya fomu ya kutafsiri. Mengine yalipita haraka. Tulikwama kwenye yale mafungu matatu ya matumizi ambayo kila mtu huyatazama. Nilikuwa nimeandika "gharama za huduma za programu". Mwalimu akaniuliza Mama wa Usa River akisikia programu atafikiri nini. Atafikiri redio. Tukaandika "fedha zilizotumika kwenye kazi yenyewe". La pili likawa "fedha za kuendesha ofisi", la tatu "fedha za kutafutia michango". Ni marefu, lakini hakuna atakayeuliza maana yake.

Neno la "mchango usio wa fedha" lilichukua saa nzima. Shirika likipokea nguo, dawa au vitabu, huviwekea thamani ya sokoni na kuihesabu kama mapato, kisha likivitoa huihesabu kama matumizi. Mwalimu alipendekeza "vitu vilivyofanywa hesabu". Nilipinga, nikaona halieleweki. Tumeishia "vitu vilivyopewa thamani ya pesa".

Tumeamua pia tusichokitoa. Fomu za taasisi binafsi wakati mwingine zina majina ya wanafunzi waliolipiwa karo. Vikundi vidogo huweka anwani ya nyumbani kwa mweka hazina. Yote hayo ni halali kusoma huko yaliko, ila sisi hatutayanakili. Malamud mwenyewe, mwaka huo huo wa 2013, aligundua nambari za hifadhi ya jamii za watu zikiwa wazi kwenye fomu za makundi ya kisiasa, na IRS ikalazimika kuondoa hifadhi ya fomu hizo mtandaoni. Mtu aliyepigania uwazi kuliko wote ndiye aliyepiga kelele za faragha. Nalipenda sana hilo.

Jumatatu, 13 Mei

Jana intaneti ilikatika karibu nchi nzima. Nyaya za baharini zimepata hitilafu na Kenya nao wanalia. Leo inapepesuka. Kazi haikusimama, kwa sababu mafaili yote yako kwenye diski mezani. Fundi ameweka ukurasa wa kutafutia ndani ya flashi, unafunguka bila mtandao wowote. Tulikuwa tumeupanga kama kitu cha baadaye. Sasa ndio wa kwanza.

Jumamosi, 1 Juni

Mama amekuja. Alileta kauntabuku la kituo, lile jeusi lenye mgongo mwekundu, limefungwa kwa kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Kila senti iliyoingia tangu 2015 imeandikwa humo, kwa kalamu ya bluu, na risiti zimeshonwa kwa uzi wa cherehani pembeni ya ukurasa.

Shirika la kipeperushi ni dogo, linajaza toleo fupi la fomu, 990-EZ, ambalo halina Kiambatisho F. Lakini katika maelezo ya kazi limeandika Usa River na idadi ya watoto. Mama alivaa miwani, akaweka kidole kwenye skrini, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye idadi ya watoto akasimama. "Hii ni ya kweli," akasema. "Mwaka ule walikuwa hao hao."

Kisha jumla. Fomu ilionyesha kiasi kikubwa kuliko cha kauntabuku. Chumba kilinyamaza. Fundi alitazama chini. Mwalimu ndiye aliyesema, "Tusome kwanza tarehe." Mwaka wa shirika unaanza Julai na kuisha Juni, kauntabuku linaanza Januari. Mama akafungua upya, akahesabu tena kutoka Julai 2021 hadi Juni 2022, akiandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Tofauti ikapungua. Haikuisha.

Mwalimu akaendelea kusoma maelezo. Yalitaja safari ya wageni wa kujitolea, na nguo na vifaa vya shule vilivyogawiwa.

"Zile nguo waliziandika pesa?"

"Ndiyo, Mama. Vitu vilivyopewa thamani ya pesa."

"Na tiketi zao za ndege?"

"Inaonekana zimo kwenye kazi yenyewe."

Alivua miwani. Niliogopa amekasirika. Akasema nguo zile zilikuwa nzuri, na wageni wale walifanya kazi kwa bidii, walipaka rangi bweni zima. "Lakini watu waliotoa pesa baada ya kuona picha ya watoto wangu," akasema, "wanajua kwamba nyingine ni tiketi?" Hakuna aliyemjibu. Alitaka mchanganuo. Sheria inawataka wampe fomu, haiwalazimishi kumpa mchanganuo. Hilo nilimwambia waziwazi. Akasema ataomba kama mshirika wao.

Jumatano, 5 Juni

Barua imeandikwa kwa Kiswahili na Mama, ikatafsiriwa na Mwalimu. Ameomba mambo mawili: nakala za fomu tatu za karibuni, kama haki ya mtu yeyote, na mchanganuo wa kilichoandikwa kuwa cha Usa River. Tumepeleka kwa barua pepe, na nakala kwa posta. Ya Kiswahili imeambatishwa pia, kwa sharti lake mwenyewe.

Mwalimu alinikumbusha jambo wakati tunasubiri ichapwe kwenye steshenari. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa haki hiyo raia wa Tanzania. Ya Marekani haimuulizi mwombaji uraia wake. Mama hajawahi kupanda ndege, na sheria ya huko inamtambua. Ningependa siku moja mtu wa Bukavu au wa Mombasa aweze kuuliza ofisi za hapa kwetu hivyo hivyo, naye ajibiwe kwa faili linalotafutika, asipewe picha wala aambiwe aje kesho.

Jumatano, 17 Julai

Jibu lilifika tarehe 2, ndani ya zile siku 30. Fomu tatu na ukurasa mmoja wa mchanganuo, ulioandikwa kwa heshima. Fedha taslimu zinalingana na kauntabuku hadi dola ya mwisho. Tiketi zimo, zimetajwa. Nguo zimo. Wamesema mwaka ujao wataandika safari za wageni kwenye mstari wake peke yake, na wamemwomba Mama awatumie picha za kauntabuku kila Juni ili walinganishe.

Kumebaki mistari miwili: sanduku la vitabu na mashine mbili za kushonea, ambavyo kituo hakijavipokea. Huenda vilikwenda kituo kingine, huenda viko bandarini. Mama amechapisha ukurasa huo, akaukata kwa mkasi na kuushona kwenye kauntabuku kwa uzi ule ule, mkabala na ukurasa wake wa mwaka huo, kisha akazungushia mistari hiyo miwili kwa kalamu ya bluu.

Barua ya pili ameiandika jana usiku. Mwalimu anaitafsiri kesho asubuhi.